Kwanini Marekani na hela zake zote inahangaika kurudisha viwanda vya chipu nyumbani

Mwisho wa mwaka 2021 nilikaa na Land Cruiser ya mteja hapa gereji Unga Limited, Arusha, karibu miezi mitatu. Gari ya kupeleka wageni Serengeti, injini nzima, gia boksi nzima, ila haiwaki. Nikafungua kontroli boksi, ile kompyuta ya gari, nikakuta ai-sii moja, yani chipu, imeungua, kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, miguu imejipanga pembeni kama ya tandu. Zamani kitu kama kile naagiza Dubai au China, wiki mbili kimefika, nakichomelea, gari inaondoka. Safari ile kila ninaempigia ananiambia mzigo hamna, na mmoja aliekuwa nazo akataka mara tano ya bei niliyoizoea. Mteja alikuwa mstaarabu sana, hakunitukana hata siku moja, ila kila Jumatatu asubuhi alikuwa anakuja anasimama mlangoni anaiangalia gari yake bila kusema kitu, na mimi niliumia kuliko angenigombeza.

Baba mdogo wangu huwa anapita gereji jioni. Alifanya kazi miaka mingi kiwanda cha matairi hapa Arusha mpaka kikasimama, kwa hiyo mambo ya viwanda yako damuni. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamuonyesha ile ai-sii, nikamwambia baba mdogo, vitu kama hivi ndo vimefanya Toyota wenyewe kule Japani wapunguze uzalishaji wa mwezi wa tisa kwa asilimia 40. Akaichukua, akaigeuza geuza kwenye mwanga, akaniuliza, "Sa hawa Wamarekani walienda mpaka mwezini, hela wanazo, wanashindwa nini kujenga kwao kiwanda cha kitu kidogo hivi?"

Siku ile sikuwa na jibu. Nimelitafuta kwa muda mrefu sana, nasoma usiku nikitoka kazini, na nataka niwaeleze nilivyoelewa sababu habari hii inazungumzwa kama suala la hela na majengo tu, na sivyo.

Tuanze na chenyewe. Chipu ni kipande cha silikoni, na silikoni inatoka kwenye mawe ya kwatsi, jamii ya mchanga, ila inasafishwa mpaka inakuwa safi kupita kitu chochote ulichowahi kugusa. Inakatwa visahani vyembamba vinavyoitwa weifa, vile vikubwa vina upana wa milimita 300, kama sinia dogo la kuwekea chapati. Juu ya kile kisahani wanachora njia za umeme kwa kutumia mwanga. Wanapaka dawa, wanapiga mwanga wenye picha ya mchoro, wanaosha, wanaweka tabaka lingine, wanarudia. Ukishawahi kuona kitenge kinavyopigwa chapa kiwandani utaelewa haraka, rangi moja baada ya nyingine, na kila rangi lazima ikae juu ya mwenzie bila kuhama, ikihama kidogo tu kitambaa chote kimeharibika. Tofauti ni kwamba kwenye chipu ukihama kwa upana mdogo kuliko kirusi umeharibu, na kazi yote inachukua kama miezi mitatu, hatua mamia kwa mamia, nyingine zinazidi elfu moja. Ile chipu kubwa ya iPhone 15 Pro ina transista bilioni 19, yani swichi ndogo ndogo za kuwasha na kuzima, bilioni 19 kwenye kitu unachoweza kukificha chini ya sarafu.

Ila sio chipu zote ziko hivyo, na hapa watu wengi wanachanganya. Ile ya kontroli boksi ya gari ni ya teknolojia ya zamani, michoro yake ni minene, mashine zake zimeshalipiwa siku nyingi, faida yake ni ndogo. Ndo maana mwaka 2020 Corona ilipoingia na makampuni ya magari yakakatisha oda zao, viwanda vya chipu vilipeleka nafasi ile kwa watengenezaji wa laptopu na simu, watu wote walikuwa wanafanyia kazi nyumbani. Magari yalipotaka kurudi wakakuta foleni. Alafu Februari 2021 baridi kali ikakata umeme Texas viwanda vya chipu vikasimama, na mwezi uliofuata kiwanda cha Renesas cha Naka kule Japani kikaungua. Magari mapya yakapungua duniani, Wajapani wakakaa na yao ya zamani, na sisi tunaovaa mitumba ya magari tukalipia zaidi pale bandarini. Mteja wangu wa Unga Limited alikuwa mwisho kabisa wa foleni hiyo.

Sa swali la baba mdogo, kwanini havipo kwao. Vilikuwepo! Chipu imezaliwa Marekani. Jack Kilby wa Texas Instruments mwaka 1958, Robert Noyce wa Fairchild mwaka 1959, hao ndo waanzilishi. Mwaka 1990 Marekani ilikuwa na asilimia 37 ya uwezo wa dunia wa kutengeneza chipu, ikifika 2020 imebaki asilimia 12. Hakuna aliewanyang'anya. Waliiachia wenyewe kidogo kidogo, na kila hatua ilikuwa na akili kwa anaepiga hesabu ya mwaka huo. Mapema kabisa, mwaka 1963, Fairchild walipeleka kazi ya kuunganisha chipu na kuifunga kwenye ganda lake Hong Kong sababu mshahara wa kule ulikuwa mdogo. Mwaka 1972 Intel wakaenda Penang, Malaysia. Baadae ikaja hatua kubwa kuliko zote, na hii inahusu mtu mmoja anaitwa Morris Chang.

Huyu mzee alifanya kazi Texas Instruments miaka 25, baadae serikali ya Taiwan ikamuita, na mwaka 1987 akaanzisha TSMC, kampuni ya kutengeneza chipu, akiwa na miaka zaidi ya 50. Wazo lake ukilisikia unaona kama dogo. Alisema mimi sitabuni chipu yangu, nitakuwa fundi cherehani. Wewe lete mshono wako na vipimo vyako mimi nashona, na sitafungua duka la nguo pembeni yako nikaanza kushindana na wewe. Ndo maana wateja walimuamini, na ndo maana leo Apple, Nvidia, Qualcomm, AMD wanabuni tu, hawana kiwanda. Serikali ya Taiwan iliweka karibu nusu ya mtaji na mwekezaji mkubwa wa nje alikuwa Philips wa Uholanzi. Wazee wa Arusha mkisikia Philips mnakumbuka redio, walikuwa na kiwanda cha kuunganisha redio hapa hapa mjini. Kampuni ile ile. Taiwan ilikwenda wapi na sisi tulibaki wapi ni habari ndefu, inaniuma, ila naiacha hapo.

Matokeo yake ni kwamba zaidi ya asilimia 90 ya chipu za kisasa kabisa zimekuwa zikitoka kwenye kisiwa kimoja. Kisiwa kina matetemeko, Aprili 2024 lilipiga kubwa la 7 na kitu wakatoa watu viwandani. Kina ukame pia, mwaka 2021 walikuwa wanapeleka maji kiwandani kwa maboza. Na China inasema kisiwa ni chake, na kutoka ufukwe wa China mpaka Taiwan pale bahari ilipo nyembamba ni kama kilomita 130, haifiki mwendo wa Arusha mpaka Karatu.

Wanaposema usalama wa taifa watu wanafikiria bunduki. Bunduki zimo, kombora moja la Javelin lina chipu zaidi ya 200, lakini fikiria zaidi ya hapo. Mashine ya hospitali, mnara wa simu, benki, umeme, hata hela unayomtumia mama kijijini kwa simu, zote zinapita kwenye chipu. Sisi tuliotoka mlimani, upande wa Machame na Kibosho, tunalielewa hili bila kusoma, tumekua na mifongo. Maji yanachepushwa mtoni huko juu kwenye banio, yanashuka kwenye mfereji yanapita kwa watu, kila ukoo una siku yake ya kufungulia. Unaweza ukawa na kihamba kikubwa kuliko wote, migomba imestawi, kahawa imechanua, ng'ombe wako zizini, ila kama banio liko eneo la mtu mwingine na mmegombana, wiki mbili za kiangazi zinatosha kukuonyesha mwenye nguvu ni nani.

Na mabanio yameshafungwa kweli. Julai 2019 Japani ilibana kemikali tatu zisiende Korea Kusini kirahisi, ikiwemo ile dawa ya kupaka kwenye weifa, na Samsung nzima ikaingia wasiwasi. Oktoba 2022 Marekani ikazuia China isipate chipu za juu wala mashine za kuzitengenezea, kwa hiyo Marekani nayo imo kwenye wanaofunga. Agosti 2023 China ikaanza kudhibiti galiamu na jemaniamu, madini ambayo yeye ndo mzalishaji mkubwa.

Lakini mfano ulionifungua macho ni wa Nexperia, mwaka 2025. Hii ni kampuni ya Uholanzi inayomilikiwa na Wachina, inatengeneza vichipu vya bei ya chini kabisa, diodi, transista za kawaida, vitu ambavyo mimi navibadilisha kila wiki na sijawahi hata kuangalia jina. Mwisho wa Septemba serikali ya Uholanzi ikaingilia uongozi wa kampuni kwa sababu za usalama. Siku chache tu China ikazuia bidhaa za kiwanda chao cha Dongguan zisitoke. Sa angalieni hapa vizuri. Weifa zao nyingi zinatengenezwa Ulaya, Hamburg, yani kiwanda kile kigumu, cha gharama, kipo nyumbani tayari. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya mwisho, kukata, kufunga kwenye plastiki, kuweka miguu, kupima, ilikuwa inafanyika China. Mzigo ulitoka Ulaya ukaenda China ili urudi Ulaya. Banio likafungwa, na wiki chache baadae Honda wakasimamisha kiwanda chao cha magari Mexico kwa kukosa vitu vya senti chache. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema tumerudisha kiwanda nyumbani muulize, kiwanda kipi, cha hatua ya ngapi?

Sasa hatua waliyochukua Wamarekani. Tarehe 9 Agosti 2022, siku moja baada ya Nane Nane yetu, Rais Biden alisaini sheria inayoitwa CHIPS, dola bilioni 52.7, na humo bilioni 39 ni ruzuku ya kujenga viwanda, alafu juu yake nafuu ya kodi ya asilimia 25 kwa anaejenga. Ulaya nao wakatunga ya kwao mwaka 2023, Japani wakaipa TSMC hela ikajenga Kumamoto na kiwanda kikazinduliwa Februari 2024, Ujerumani wanajenga Dresden, India wamo. Kila mtu anataka banio lake.

TSMC walitangaza kujenga Arizona mwaka 2020, dola bilioni 12. Ikapanda ikawa 40, ikawa 65, Machi 2025 wakasema 165. Kiwanda cha kwanza kilitakiwa kianze 2024, mwaka 2023 wakasema kimechelewa, mafundi wenye ujuzi wa kufunga zile mashine hawatoshi. Wakaleta watu kutoka Taiwan, wakapeleka vijana wa Kimarekani Taiwan kujifunza. Kuelekea mwanzo wa 2025 kikaanza kutoa chipu kweli, na chipu nzuri, sio za majaribio, nafurahi kusema hivyo maana wengi walidhani haitawezekana. Ila mwanzoni zile zinazohitaji ufungaji wa kisasa zikawa zinapandishwa ndege kurudi Taiwan kufungwa. Nexperia ile ile kwa njia nyingine.

Intel wao walitangaza Ohio Januari 2022, walisema 2025 watakuwa wanazalisha. Saivi wanasema 2030 au 2031. Mambo yao yalikuwa mabaya mpaka Agosti 2025 serikali ya Marekani ikachukua karibu asilimia 10 ya kampuni. Nchi inayohubiri soko huria dunia nzima imeingia kwenye hisa za kiwanda, na mimi nadhani walikuwa sahihi, sababu nchi za Asia zilikuwa zinafanya hivyo miaka 40 na ndo ilivyojengeka Taiwan yenyewe.

Kwanini inachelewa hivyo? Mashine kwanza. Ile mashine ya kuchora michoro midogo kabisa inatengenezwa na kampuni moja tu duniani, ASML, iko mji mdogo unaitwa Veldhoven huko Uholanzi. Ndani yake wanadondosha matone ya stani iliyoyeyuka, madini yale yale yaliyomo kwenye waya wa kuchomelea ninaotumia hapa mezani, matone 50,000 kwa sekunde, na kila tone linapigwa na leza likiwa hewani, linapigwa mara mbili, mpaka linalipuka na kutoa mwanga wenye mawimbi ya nanomita 13.5. Mwanga huo hata hewa inaumeza kwa hiyo ndani hamna hewa, na lenzi ya kioo inaumeza pia kwa hiyo wanatumia vioo vya kuakisi vya Zeiss wa Ujerumani. Leza inatoka Trumpf, Ujerumani pia, chanzo cha mwanga kinatoka San Diego. Bei ni zaidi ya dola milioni 150, na inasafirishwa kwa makontena kama 40. Sa uniambie mashine hii nyumbani kwake ni wapi?

Na nyuma yake kuna kamba ndefu. Kwatsi safi ya kutengenezea vyungu vya kuyeyushia silikoni, nyingi inatoka mji mmoja wa mlimani North Carolina unaitwa Spruce Pine, ambao Septemba 2024 kimbunga Helene kiliusomba. Karibu nusu ya gesi ya neoni ya viwanda hivi ilikuwa inatoka Ukraine, Mariupol na Odesa, vita vikaja. Ile karatasi ya kuhami inayokaa chini ya chipu kubwa inatengenezwa na Ajinomoto wa Japani, ndo hao hao wa kiungo cha mchuzi.

Alafu watu. Nilipomweleza baba mdogo habari ya mashine aliitikia tu, ila nilipofika kwenye mafundi wa Arizona alininyamazisha kwa mkono. Akaniambia, "Sisi pale kulikuwa na mzee wa mitambo ya kuiva matairi. Alikuwa anaweka kiganja kwenye bomba la mvuke anakwambia hii batch haitatoka vizuri, na geji inaonyesha sawa. Alipostaafu hamna aliejua alikuwa anasikia nini." Kwenye chipu wanaita kiwango cha mavuno, kwenye weifa moja ngapi zimetoka nzima. Kiwanda kipya kinaweza kuanza na mavuno mabovu, mashine ni zile zile na kitabu ni kile kile, na kinachopandisha ni watu waliokosea mara elfu mahali pale na wakakumbuka walikosea wapi. Morris Chang mwenyewe mwaka 2022 alisema kutengeneza chipu Marekani kunagharimu kama asilimia 50 zaidi ya Taiwan. Hela inaziba hilo pengo, sawa, ila ule mkono wa yule mzee kwenye bomba la mvuke unachukua miaka, na ukishauacha upotee huwezi kuuagiza.

Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni kwamba wanafanya jambo la lazima ila neno nyumbani linawapoteza. Hakuna nchi itakayofanya kila hatua yenyewe, hata China inayomwaga hela kuliko wote bado haijapata ile mashine ya Veldhoven. Kinachowezekana ni banio la pili na la tatu, ili moja likifungwa kihamba kisikauke. Ukipima Arizona kwa kipimo hicho imefanikiwa, ukipima kwa kujitegemea asilimia mia imeshindwa.

Na sisi je? Kuna watu wanasema tuna madini, tutauza. Ni kweli mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham pamoja na Helium One walitangaza heliamu nyingi bonde la Rukwa, makadirio ya futi za ujazo bilioni 54, na heliamu inatumika kupoza weifa viwandani. Lakini sisi wa huku tuna tanzanaiti, inatoka Mirerani tu dunia nzima, na miaka yote hiyo mawe mengi yamekuwa yakienda kukatwa Jaipur, India, sababu mikono ya kukata iko kule. Mirerani na Jaipur ni hesabu ile ile ya Hamburg na Dongguan, na ukweli ni kwamba mlango wa Dongguan ndo ulio karibu na sisi. Kufunga na kupima chipu ndo Malaysia walikoanzia Penang, leo wana kama asilimia 13 ya kazi hiyo duniani. Haihitaji dola bilioni 20. Inahitaji umeme usiokatika, chumba kisicho na vumbi, na vijana kama hawa wanaotoka chuo cha ufundi hapa mjini na pale Nelson Mandela Tengeru, ambao wengine wanakuja kwangu kuomba nafasi ya kujifunza kuchomelea.

Kenya wameshaanza, wala sio mbali. Kuna Semiconductor Technologies Limited, iko Nyeri ndani ya chuo kikuu cha Dedan Kimathi, na mwaka 2024 Marekani ilitangaza dola milioni 1.3 za upembuzi yakinifu wa kukuza kiwanda chao. Wametumia miaka kufundisha vijana wa pale pale kabla hela haijafika, na hilo ndo ninalotaka kulielewa zaidi. Kosta za Nairobi zinaondoka asubuhi, jioni upo Nyeri. Nimeshamwambia baba mdogo, mvua zikikatika tunaenda wote, yeye anataka kuangalia nani anaweka mkono kwenye mashine.